Ken Garrod na Mlango wa Fundi Bora Liende

Ijumaa tarehe 27 Septemba 2019, saa kumi na nusu jioni, Bwana Kenneth Garrod, fundi mkuu wa bodi katika Karakana ya Thurkettle hapa Wratham, atatundika aproni yake kwenye msumari uleule aliooneshwa asubuhi ya Jumatatu tarehe 1 Septemba 1975. Ni utumishi wa miaka arobaini na minne na siku ishirini na sita. Katika muda huo aproni imebadilishwa mara kumi na moja, msumari mara moja, na Ken hajabadilishwa hata kidogo.

Alifika siku hiyo ya kwanza kwa baiskeli, akiwa na umri wa miaka kumi na sita, patasi tatu za marehemu baba yake zikiwa zimefungwa kwa soksi. Aliyempokea ni Bwana Lionel Thurkettle, mtoto wa mwanzilishi wetu Mzee Ambrose, na baba wa bosi wetu wa sasa, Bi Rosalind. Bwana Lionel alikuwa mtu wa maneno machache na kitabu kikubwa: kila jioni aliandika kwenye daftari la kazi jambo lililofanyika, lililoharibika, na aliyeliharibu.

Kama ilivyo desturi katika karakana zetu, mwanagenzi mpya alitumwa dukani kununua debe la rangi ya mistari, kitu kisichokuwapo duniani. Wenzake walikaa kusubiri arudi analia. Ken alirudi baada ya saa mbili na debe moja ambalo ndani yake alikuwa amemimina rangi nyekundu upande mmoja na nyeupe upande wa pili, kipande cha bati kikiwa katikati, akalibeba maili moja na nusu bila kuzichanganya. Bwana Lionel alilitazama debe, akamtazama Ken, akachovya brashi pana na kupiga mistari miwili kwa mkupuo mmoja ubavuni mwa lori lililokuwa mbele yake. Lori hilo lilikwenda hivyohivyo kwa mwenyewe. Tangu hapo hakuna mwanagenzi aliyetumwa kununua rangi ya mistari, kwa hofu kwamba ataipata.

Mwaka wake wa kwanza haukuwa na mafanikio tu. Kiangazi cha 1976 Ken alifagia karakana nzima peke yake kwa wiki moja kama adhabu. Amekuwa akitueleza kisa hicho kila mwaka kwenye chakula cha Krismasi, na kila mwaka sababu ni tofauti: alipiga mluzi kazini, alikalia kofia ya Bwana Lionel, alimpa farasi wa mteja nusu ya mkate wake wa mayai. Ukweli ni kwamba alikuwa ameisahau sababu. Tunaomba wasomaji wasiisahau adhabu hiyo, maana tutaihitaji hapo mbele.

Kwa wasiofahamu kazi yetu, na tunajua baadhi ya waalikwa ni ndugu wa upande wa mke wake kutoka mjini, sisi hatuundi malori. Mteja analeta chasi yenye injini, sisi tunajenga juu yake nyumba ya farasi: vizimba, hori la majani, daraja la kupandia nyuma, na chumba kidogo cha saisi, yaani mtunza farasi, chenye mlango wake. Ken amejenga nyumba za namna hiyo mia mbili na kumi na mbili. Amefundisha mafundi tisa. Anaondoka na vidole vyake vyote kumi, na katika fani yetu hiyo ni shahada.

Mwaka 1994 alikuwa ndani ya kizimba akipima kiunzi kinacholia, dereva wa mteja akafunga daraja na kuondoka bila kuangalia. Ken alisafiri hadi mji wa mbali wa Doncaster pamoja na farasi jike mdogo aitwaye Duchess. Kesho yake alirudi kwa treni. Mke wake, Bi Pauline, alipouliza alikuwa wapi, alijibu kwamba kiunzi hakilii tena. Mteja aliandika barua ya shukrani na kuuliza kama huduma hiyo inapatikana kila safari.

Lakini jambo ambalo Ken atakumbukwa nalo lilimfikia akiwa amebakiza miezi kumi na sita tu kabla ya kustaafu.

Jumatatu tarehe 14 Mei 2018 alipigiwa simu na Bibi Hester Pryke, mwenye shamba nje kidogo ya kijiji, umri wake miaka themanini na tano wakati huo. Alisema ana banda la kuku ambalo anadhani lina magurudumu. Ken alikwenda, akaingia kwenye upupu hadi kiunoni, na kukuta lori la farasi ambalo halikuwa limesogea tangu kuku wa kwanza walipohamia. Rangi ilikuwa imetoka, paa limejaa ukungu, kibao cha jina la mjenzi hakipo. Alipiga ukuta kwa ngumi mara tatu. Akanusa pembe ya mlango. Kisha akafuta kinyesi cha kuku kwenye mstari wa skrubu na kuona kwamba mikato ya kutilia bisibisi kwenye vichwa vyake vyote, moja baada ya nyingine, ilikuwa imesimama wima.

Hapa ndipo penye uzito wa hadithi. Mzee Ambrose Thurkettle, aliyeanzisha karakana hii, alisimamisha mikato ya skrubu zake wima ili maji ya mvua yatiririke badala ya kutuama. Hakuwahi kuandika jina lake popote, kwa sababu aliona kazi yenyewe inatosha. Na kati ya bodi zote alizojenga kabla ya vita, tulikuwa hatujui hata moja iliyobaki. Nyingine ziliungua, nyingine zilioza, moja ilikatwa ikawa choo cha uwanja wa kriketi. Ken alifundishwa na mtoto wa Ambrose, ametumia randa ya Ambrose, amekalia kigoda cha Ambrose kwa miaka arobaini, na hakuwahi kuona kwa macho yake kazi ya Ambrose. Alirudi kutoka shambani akiwa amevimba mikono yote miwili kwa upupu na kusema tumeipata.

Tatizo lilikuwa mpwa wa Bibi Hester, mtu wa makamo aitwaye Giles, anayefanya biashara ya shughuli za harusi. Giles alitaka kulitoboa lori ubavuni, kuweka dirisha na kaunta, na kulizungusha kwenye harusi likiuza jini, ile pombe kali. Bibi Hester, ambaye ni mtu wa haki, aliamua hivi: ikithibitika kwamba bodi ni ya Ambrose Thurkettle, lori ni letu, litengenezwe na likae hapa daima. Isipothibitika, ni la Giles na jini lake. Hakimu angekuwa Chama cha Malori ya Farasi ya Zamani, na mwisho ungekuwa siku chama kitakapofunga orodha ya gwaride lake, Ijumaa tarehe 13 Septemba 2019. Wiki mbili kamili kabla ya Ken kustaafu.

Lori likaletwa karakana. Kazi ya kulitengeneza ilianza, huku utambuzi ukienda sambamba. Giles alikuja kila baada ya wiki chache na chaki ya buluu, akachora ubavuni mstatili wa dirisha lake, na kuondoka. Ken aliufuta. Giles alirudi akachora mkubwa zaidi. Kwa hesabu zilizoandikwa, mstatili ulichorwa mara kumi na tisa na kufutwa mara kumi na tisa, na mara ya ishirini Giles alimkuta Ken ameegesha ngazi, makopo, na yeye mwenyewe mahali hapo, anakula mkate wake wa mayai wa kila siku saa nne na dakika arobaini kwa utaratibu usio wa kawaida.

Tulitafuta ushahidi kila mahali. Chasi ilikuwa ya mwaka 1958, na Bibi Hester aliapa kwamba baba yake hakuwahi kubadilisha kitu chochote maishani, hata kofia. Daftari la kazi la 1938, mwaka ambao familia ya Pryke ilikumbuka kununua lori, lilikuwa limeliwa na panya wa stoo mpaka kwenye jalada. La 1958 halikuwa na kitu. Ken aling'oa sakafu ya mwaloni ubao kwa ubao, kila ubao ukapewa namba, na chini yake tukapata kiatu cha farasi, tiketi ya mbio za 1951, viota saba vya panya na seti ya juu ya meno ya bandia. Bibi Hester alioneshwa meno hayo kwenye sahani. Aliyatazama kwa muda mrefu.

“Ya mjomba Wilf,” alisema. “Maskini. Tulimsingizia mbwa.”

Hayo, kwa bahati mbaya, hayakuwa ushahidi wa mjenzi.

Kibaya zaidi ulikuwa mlango wa chumba cha saisi. Bodi nzima ilikuwa kazi ya kutulia, lakini mlango huo ulikuwa umefungwa na mtu wa aina nyingine kabisa. Skrubu zake thelathini na nane zilielekea kila upande, kama watu waliotoka kanisani na kukuta mvua. Bawaba ya chini ilikuwa juu ya mahali pake, ya juu chini ya mahali pake, na mlango wenyewe ulifunguka kwa bega na kufungwa kwa goti. Ken hakuweza kupita karibu nao bila kuguna. Alimpa mjenzi wake jina, Fundi Bora Liende, na kwa miezi kadhaa akatujengea wasifu wake wote kwa kusoma makosa yake tu.

Alitueleza kwamba Bora Liende alikuwa mlevi. Kwamba alitumia mkono wa kushoto, maana bisibisi ilikuwa imeteleza kila mara kuelekea kulia. Kwamba alikuwa haoni vizuri, pengine amevaa miwani ya mtu mwingine. Kwamba alikuwa na haraka, bosi wake hayupo, na tena huenda alitoka Essex, jimbo tunalopenda kulitania. Wenzake tulizoea. Mtu akimwaga chai, ni Bora Liende. Kabati la choo lisipofunga, ni ndugu yake Bora Liende. Bi Rosalind aliwahi kusema mbele ya watu wote kwamba Ken anamjua mtu huyo kuliko anavyomjua Bi Pauline, na Bi Pauline, aliyekuwapo, alisema hana wivu.

Alhamisi tarehe 7 Machi 2019 alikuja mkaguzi wa chama, Bwana Neville Aldous, amevaa kandambili za ngozi juu ya soksi, ana futi ya chuma, tochi na kioo cha daktari wa meno. Alikagua kwa saa tano na hakunywa chai. Ken alimwonesha skrubu zilizosimama. Bwana Aldous alikubali kwamba zimesimama, akasema mtu yeyote mwenye subira anaweza kusimamisha skrubu, na kwamba chasi inasema 1958, mwaka ambao Mzee Ambrose alikuwa amelala makaburini kwa miaka kumi na miwili. Kisha akafungua mlango wa saisi kwa bega.

“Unaniambia fundi aliyefanya ule ukuta ndiye aliyefanya huu mlango?”

Ken alisema hapana, hata kwa dawa, huu ni wa mtu mwingine aliyekuja baadaye. Bwana Aldous alimuuliza nani, lini, na karatasi iko wapi. Ken hakuwa na karatasi. Alikuwa na wasifu wa mlevi kutoka Essex.

Mlango ule, basi, ndio uliokuwa unatuponza. Jumanne tarehe 16 Aprili Ken aliubandua. Fremu aliihifadhi, lakini ubao wa ndani, uliokuwa umebandikwa gunia kwa nyuma, aliutupa kwenye rundo la kuni za jiko letu la chai akisema haufai kwa kazi nyingine yoyote ya kibinadamu zaidi ya kuchemsha maji. Kiangazi kilikuwa kimekaribia na jiko halikuwashwa. Rundo likabaki kwenye kona ya stoo, na panya wakahamia humo.

Agosti ilipita. Lori lilikuwa limepakwa rangi yake ya awali, kijani kibichi chenye mistari myembamba ya dhahabu ambayo Ken aliivuta kwa mkono bila rula. Lilikuwa zuri kiasi kwamba Giles mwenyewe alianza kuchora mstatili wake kwa aibu, mdogo mdogo, kwenye pembe. Ken aliacha kuufuta. Huo ndio wakati wenzake walipojua kwamba amekata tamaa, maana siku hiyo alikula mkate wake saa nne na nusu na hakugundua.

Jumanne tarehe 10 Septemba kulipambazuka baridi ya kwanza. Zilibaki siku tatu. Bi Rosalind alifika mapema, akawasha jiko kwa ajili ya gundi na chai, na kuanza kutia kuni. Alipochukua ubao wa Fundi Bora Liende aliona kwamba panya walikuwa wamelila gunia lote la nyuma, safi, kama sahani iliyolambwa. Na chini ya gunia kulikuwa na mwandiko wa penseli.

Alikuja nao hadi katikati ya karakana, mahali Ken alipokuwa anang'arisha kitasa, na kusoma kwa sauti bila kusema ni nini anachosoma.

“‘Tarehe 30 Juni 1976. Joto la kufa mtu. Nimefunga mlango mpya wa saisi, lori la Pryke, bodi ya Mzee Ambrose ya 1938 inahamia chasi nyingine. Bwana Lionel amekwenda kula. Skrubu zimenishinda. Hakuna atakayeona.’”

Akaushusha ubao.

“Kuna jina,” alisema. “Unataka nilisome, Ken, au unalijua?”

Ken aliomba miwani. Alipewa. Aliutazama ubao, akaugeuza, akautazama tena, kisha akakaa kwenye ndoo ambayo, tunashukuru, ilikuwa na kifuniko.

“Nilikuwa na miaka kumi na sita,” alisema.

“Ulituambia alikuwa mlevi,” alisema Bi Rosalind.

“Nilikunywa maji tu.”

“Na mkono wa kushoto je?”

Ken alifikiri. Tuliona kumbukumbu ikimjia taratibu kama lori linalorudi kinyumenyume. Alisema wiki ile mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa bendeji, patasi ilimchoma. Alisema jasho lilikuwa linamwingia machoni, haoni kitu. Alisema bosi hayupo na yeye alikuwa na haraka amalize kabla hajarudi. Kadiri alivyosema ndivyo uso wake ulivyobadilika, kutoka wa mshtakiwa hadi wa mpelelezi, kwa sababu alianza kutambua kwamba kila alichokisoma kwenye mlango ule kwa miezi kadhaa kilikuwa sahihi.

“Isipokuwa Essex,” alimalizia. “Kwenye Essex nilimwonea.”

Sasa tulikuwa na mwaka, na tukaufuata. Daftari la kazi la 1976 lilitolewa kwenye rafu ya juu, ambako hakuna aliyewahi kufikiri kulitafuta, na panya, kwa heshima zao zote, walikuwa hawajalifikia. Kwenye ukurasa wa tarehe 1 Julai palikuwa na mwandiko wa Bwana Lionel, ulionyooka kama skrubu za baba yake: bodi ya baba ya mwaka 1938 imehamishwa kwenye chasi nyingine kwa ajili ya Pryke. Mlango wa saisi umefungwa vibaya mno na Garrod. Gari limeshachukuliwa alfajiri, farasi ana mbio Jumamosi, haiwezekani kurekebisha. Garrod atafagia wiki nzima.

Hivyo ndivyo Ken alivyopata ushahidi wa bodi ya Mzee Ambrose na sababu ya kufagia kwake, vyote kwenye ukurasa mmoja, baada ya miaka arobaini na mitatu. Inasemekana kilichomgusa zaidi ni cha pili. Bibi Hester alipopigiwa simu alieleza kwamba mwaka huo alikuwa akiishi Kanada na mumewe, na kwamba baba yake hakumwandikia habari za chasi, kwa kuwa aliandika habari za hali ya hewa tu.

Bwana Aldous alikuja Alhamisi tarehe 12. Safari hii alikagua kwa saa moja na kunywa vikombe viwili vya chai. Alilinganisha ubao na daftari, akakagua kila tundu la skrubu kwa kioo chake cha meno, na kutia sahihi: bodi ya Ambrose Thurkettle, 1938, ya pekee inayojulikana na chama. Giles, tunamsifu kwa hili, alifuta mstatili wake wa mwisho kwa leso yake mwenyewe.

Kisha Bwana Aldous akaweka sharti. Kwa kuwa mlango wa saisi sasa ni sehemu ya historia iliyothibitishwa, hauwezi kutengenezwa upya. Lazima urudishwe kama ulivyokuwa. Kila skrubu, kila upande.

Hii ndiyo kazi iliyomchukua Ken muda mrefu kuliko hori, kuliko daraja, kuliko mistari ya dhahabu. Hawezi tena kukaza skrubu upande. Alikuwa na picha za mlango kabla ya kubanduliwa zimebandikwa mbele yake, ana kipimapembe cha shuleni, anakaza skrubu ya kumi na moja ielekee kama inavyotakiwa, na akigeuka kuchukua ya kumi na mbili anakuta ya kumi na moja imesimama wima. Mkono ulikuwa umeisimamisha bila ruhusa. Siku ya pili alijaribu kwa mkono wa kushoto, macho amefumba, baada ya kumwomba mwenzake ammwagie maji kidogo usoni. Zikakaa. Bi Rosalind aliandika kwenye daftari la kazi kwamba Garrod amefunga mlango wa saisi vibaya mno, na kwamba asifagie.

Gwaride lilikuwa Jumapili iliyopita, tarehe 22. Lori la Pryke lilipita mbele ya kijiji kizima, Bi Rosalind akiendesha, Bibi Hester na Ken wakiwa wamekaa kwenye benchi la chumba cha saisi wakipunga mikono dirishani. Walipofika jukwaani mlango ulikataa kufunguka. Ken alitumia bega, akatumia goti, akatumia lugha ambayo Bibi Hester alisema hajaisikia tangu mjomba Wilf. Mwishowe ilibidi daraja la nyuma lishushwe, na aliyekuwa mwenye lori na fundi mkuu wakatoka kupitia kizimbani, mmoja nyuma ya mwingine, huku watu wakipiga makofi na mtoto mmoja akiwapa karoti.

Bibi Hester alisimama chini ya daraja, akageuka kuutazama mlango.

“Kila nilipokuja likizo baba alikuwa anashukia nyuma, na farasi,” alimwambia Ken. “Miaka yote ile tulidhani ni uzee.”

Ken aliomba radhi kwa niaba ya Fundi Bora Liende. Bibi Hester alimjibu kwamba baba yake alionekana mwenye furaha, na akaila karoti.

Wenzake tunamshukuru Ken kwa bodi mia mbili na kumi na mbili zilizonyooka na mlango mmoja uliopinda. Tunamshukuru Bi Pauline kwa kutuazima mumewe miaka yote hii, na kwa mikate ya mayai inayokaribia elfu kumi. Kwenye hafla ya Ijumaa kutakuwa na pai, soseji na keki, na Giles ataleta jini lake katika gari lililokuwa la maktaba, ambalo tunahakikisha limekaguliwa na halikujengwa na mtu tunayemjua.

Jambo la mwisho. Ubao wa ndani wa mlango wa saisi haujafungwa kikamilifu. Nyuma yake, chini ya maneno ya tarehe 30 Juni 1976, kila mfanyakazi wa karakana hii ameandika kwa penseli jina lake, hali ya hewa, na alichokula, kama ilivyokuwa desturi ya mafundi zamani. Hakuna atakayeona mpaka mtu mwingine aubandue, pengine baada ya miaka arobaini mingine, na tunatumaini panya watamsaidia. Skrubu thelathini na saba zimekazwa. Ya thelathini na nane inakusubiri wewe, Ken, saa kumi na nusu, kabla hujatundika aproni. Bwana Aldous ametoa kibali maalumu: hiyo moja uielekeze upande wowote upendao.

Nenda ukapumzike salama, na huko nyumbani milango yote ikufungukie kwa kidole kimoja.

Imeandikwa kwa niaba ya wafanyakazi wote na Muriel Steggall, stoo.